Risala ya Vijana wa Moshi Kuhusu Nafasi za Kujitolea Nje ya Nchi



 Mheshimiwa Mgeni Rasmi, risala za vijana umezizoea: historia ya kikundi, idadi ya wanachama, mafanikio, changamoto, na mwishoni ombi la jezi na mipira miwili. Leo tumeyaruka hayo yote. Jambo letu ni moja na tungependa lipewe muda wote tuliopangiwa.

Zipo nafasi za kujitolea nje ya nchi ambazo kijana wa Kitanzania halipi ada yoyote kuzipata, na baadhi yake humlipia tiketi ya ndege, malazi, chakula, bima na posho. Zimekuwepo kwa miaka mingi. Sisi hazitufikii, na zinapotufikia tunakwama kwenye gharama za kabla ya safari, ambazo hakuna anayezijumlisha kwa sababu kila moja ikitazamwa peke yake inaonekana ndogo. Nafasi ni ya bure. Kuifikia ndiko kunakouzwa. Hilo ndilo lalamiko letu.

Tujitambulishe kwa ufupi. Miongoni mwetu wamo walimu wanaojitolea katika shule za awali na za msingi, wauguzi waliomaliza vyuo na wanasubiri ajira, mafundi waliopita VETA, na wapagazi wanaopanda mlima msimu ukifika na kukaa nyumbani masika yakianza. Mwalimu wa kujitolea pale Pasua anaingia darasani asubuhi ile ile anayoingia mwenye ajira, anasahihisha madaftari yale yale, na mwisho wa mwezi kamati ya wazazi ikijaliwa humpa nauli, isipojaliwa humpa pole. Kwa hiyo, Mheshimiwa, tusichukuliwe kama watu wanaotafuta kupanda ndege kwa kisingizio cha kujitolea. Wazee wetu walichimba mifongo ya kuleta maji kutoka mlimani bila kulipwa na mtu, na barabara nyingi za vijijini kwetu zilianza kwa msaragambo. Tunachotaka ni kwenda kufanya kwa wenzetu, kwa muda, kazi tunayoifanya hapa kila siku, tujifunze namna wanavyoifanya wao, kisha turudi.

Mji huu unawafahamu wageni wa kujitolea kuliko miji mingi ya nchi yetu. Wanafundisha, wanasaidia katika vituo vya watoto, wanafuatana na madaktari wodini. Tumekula nao, na wengine wamekuwa ndugu. Lakini ukiwatazama vizuri, wapo wa aina mbili.

Aina ya kwanza hugharimiwa na serikali zao. Peace Corps ya Marekani ilianzishwa mwaka 1961, na mwaka huo huo ilileta watu wake Tanganyika. Wa mwanzo walikuwa wahandisi, wapima ardhi na wanajiolojia waliokuja kusaidia kazi za barabara. VSO ya Uingereza ilikuwa imeshaanza tangu 1958. Wajapani waliunda mpango wao mwaka 1965, na miaka miwili baadaye vijana wao walikuwa wamefika Tanzania. Ujerumani ilianza mpango wake unaoitwa weltwärts mwaka 2008, na serikali hubeba hadi asilimia 75 ya gharama za kijana anayepelekwa. Zinazobaki hutafutwa na shirika linalompeleka. Hakuna hata mmoja wa hao aliyeambiwa amuuze ng'ombe wa mama yake ndipo apate kwenda kufundisha hisabati Rombo.

Aina ya pili hujilipia wenyewe, tena fedha nyingi, kwa kampuni za nchi zao zinazouza wiki mbili au nne za kujitolea, na safari ya mbugani mwishoni. Wao wenyewe hututajia kiasi walicholipa, na ni kiasi ambacho kingemweka mwalimu wetu wa kujitolea darasani kwa miezi mingi. Shuleni fedha hiyo haionekani: choo ni kile kile, madawati ni yale yale. Watoto wa vituoni nao wanafundishwa rangi na namba kwa Kiingereza kuanzia mwanzo kila baada ya wiki chache, kwa kuwa kila mgeni mpya huanza na moja. Wapo watoto ambao salamu yao ya siku ya kwanza kwa mgeni ni kumwuliza anaondoka lini.

Hatusemi haya ili wageni wafukuzwe. Tunasema kwa sababu mlango wa kuingilia Moshi uko wazi na wa kutokea umefungwa, na funguo zake, Mheshimiwa, kwa sehemu kubwa ziko mikononi mwa madiwani, viongozi wa dini na wakurugenzi wa mashirika waliomo humu ukumbini.

Tuanze na weltwärts, maana hapo ndipo Moshi inapoteza nafasi nyingi zaidi. Mwaka 2013 mpango huo ulifunguliwa upande wa pili, vijana wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini nao wapate kwenda Ujerumani. Wanaingizwa katika utumishi wa hiari wa nchi ile, Bundesfreiwilligendienst, ulioanza Julai 2011 Wajerumani walipositisha jeshi la lazima. Kijana wa miaka 18 hadi 28 hukaa kwa kawaida mwaka mmoja, akifanya kazi katika shule ya awali, nyumba ya wazee, kituo cha watu wenye ulemavu au mradi wa mazingira. Nauli ya ndege, mahali pa kulala, chakula, bima, posho ya mfukoni na semina vyote hugharimiwa. Hata hivyo wanaotoka Ujerumani kuja kwetu bado ni wengi mara kadhaa kuliko wanaotoka kwetu kwenda kwao, na sababu mojawapo ni namna nafasi zinavyopatikana. Huwezi kujaza fomu ukaituma Berlin ukangoja majibu. Nafasi hupitia mashirika mawili yanayoshirikiana, moja la Ujerumani na moja la huku.

Hapo ndipo tunapowaomba wakurugenzi mtusikilize kwa makini. Kila shirika la Moshi ambalo leo lina kijana wa Kijerumani shuleni au kituoni kwake, tayari lina mshirika Ujerumani, tayari lina mawasiliano, na limeshazoea makaratasi. Limebakiza barua moja ya kumwuliza mshirika wake: je, na sisi tunaweza kuleta mtu? Tunaomba kila shirika linalopokea wageni kupitia mpango huo liandike barua hiyo mwaka huu, na jibu litakalokuja, liwe zuri au baya, libandikwe mahali vijana wanapoweza kulisoma.

Njia ya pili ni makanisa. Misheni ya Leipzig ilifika Kilimanjaro mwaka 1893, na leo ina mpango wa kupokea vijana wa Kitanzania wanaokwenda kujitolea Ujerumani. Umoja wa misheni wenye makao Wuppertal, ambao dayosisi kadhaa za KKKT ni wanachama wake, nao hupeleka vijana kutoka kusini kwenda kaskazini. Hizi ni njia safi, na waliopitia humo wamerudi na heshima. Malalamiko yetu ni kuhusu namna habari zake zinavyosafiri. Nafasi hutangazwa ibada ya kwanza, mara moja, katikati ya matangazo ya ndoa na harambee, na mwisho wa kupokea maombi huwa ni Ijumaa ya wiki hiyo hiyo. Wakati mwingine haitangazwi kabisa. Tunakuja kumwona mtoto wa fulani amevaa koti zito kwenye picha ndipo tunajua kwamba kulikuwa na nafasi. Tunasema hili kwa adabu, wachungaji wetu mkiwa mmekaa mbele yetu: mtoto wa mchungaji ana haki ya kuomba kama sisi. Haki ya kujua kabla yetu hana.

Waislamu miongoni mwetu, na wasio na dhehebu lenye ushirika wa Ulaya, hata tangazo hilo la Jumapili hawalipati. Ndiyo maana tunaitaja njia ya tatu, ambayo ni ya mji wenyewe. Mwanza ina udugu na Würzburg tangu 1966. Dar es Salaam na Hamburg walitia saini mwaka 2010. Sisi Moshi tuna udugu na Tübingen tangu 2014. Udugu wa miji ni mali ya wakazi wote, hata asiye na kanisa wala msikiti. Tunaiomba Halmashauri ya Manispaa izungumze na wenzetu wa Tübingen kuhusu nafasi za kudumu za vijana wa kujitolea, hata kama ni mbili tu kwa mwaka, zitangazwe kwenye mbao za kata zote, na usaili ufanyike hadharani. Ziara za viongozi tumeziona na hatuzipingi. Tunaomba orodha ya wasafiri sasa ifike hadi kwa mwalimu wa Pasua na fundi wa Majengo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, palipo na habari chache huzaliwa wauza habari. Hapa tutasimama kidogo, maana hapa ndipo tulipoumizwa zaidi.

Ujumbe huingia kwenye simu ukiwa na nembo ya Umoja wa Mataifa yenye ukungu, kana kwamba imepigwa picha juu ya picha. Jina la taasisi limeandikwa kwa herufi kubwa na herufi moja imekosekana. Unaambiwa umechaguliwa kujitolea Geneva, mshahara wa dola, familia inaruhusiwa. Kinachotakiwa ni 150,000 za kufungua faili, zitumwe kwa simu, na jina linalotokea ukitaka kutuma ni la mtu binafsi. Ukishatuma, faili linahitaji bima. Bima ikilipwa, linahitaji muhuri. Mwenzetu mmoja alilipa faili, bima na muhuri kwa fedha ambazo mama yake alikuwa amezipata kwenye mchezo wa kupeana fedha, na aliposema hana za kulipia cheti cha afya, namba ile haikupatikana tena. Hakwenda polisi. Aliogopa kuchekwa, na tukisema kweli angechekwa.

Ukweli ungemgharimu dakika tano kuusikia, kama angekuwepo wa kumwambia. Mpango wa Umoja wa Mataifa wa watu wa kujitolea, UNV, uliundwa kwa azimio la Baraza Kuu mwaka 1970, makao yake yako Bonn, na hautozi fedha katika hatua yoyote. Una nafasi za vijana wa miaka 18 hadi 26, na za wataalamu kuanzia miaka 27 wenye uzoefu wa kazi. Anayechaguliwa hupewa posho ya kujikimu, na hana faili la kulipia. Sentensi hizo chache zikiandikwa kwa Kiswahili na kubandikwa kwenye ofisi ya kila kata zingewaokolea watu fedha nyingi kuliko semina yoyote ya ujasiriamali tuliyowahi kuhudhuria.

Kwa hiyo tunadai mambo mawili kwa pamoja. Ofisi ya maendeleo ya vijana ya Manispaa itengeneze orodha ya njia zisizo na ada, kwa Kiswahili, iihuishe kila robo mwaka, na iandike kwenye kila njia nani analipa nini. Na mawakala wanaozunguka vyuoni na makanisani wakiahidi nafasi za kujitolea ng'ambo waulizwe leseni. Anayetafutia watu ajira kwa malipo anatakiwa kuwa na leseni. Hatuoni kwa nini anayewatafutia kazi isiyo na mshahara, tena kwa malipo makubwa zaidi, apite bila kuulizwa. Anayepokea fedha kwa jina la nafasi isiyokuwepo ni tapeli, na sheria za kumshughulikia zipo. Tukileta namba ya simu na risiti ya muamala kituoni, tupokelewe kama walalamikaji. Tusiulizwe kwanza tulikuwa tunakimbilia wapi.

Sasa gharama za kabla ya safari. Pasipoti ya kawaida ya kielektroniki ni shilingi 150,000. Kabla ya hapo kuna kitambulisho cha taifa, cheti cha kuzaliwa chako, na cheti cha mzazi au kiapo mahali pake. Kwa wazazi waliozaliwa nyumbani, juu mlimani, kabla ya zahanati, kiapo ndiyo njia pekee na wakili hakiandiki bure. Zaidi ya yote, mwombaji anatakiwa kuonyesha ushahidi wa safari. Shirika la nje nalo huomba namba ya pasipoti kabla halijaandika barua ya mwaliko. Kijana anasimama kati ya madirisha mawili, kila moja likimwelekeza aanzie kwenye lingine, na muda wa kuomba unakwisha akiwa pale pale. Tunaomba barua ya awali kutoka shirika linalopeleka, ikithibitishwa na afisa wa vijana wa Manispaa, ikubaliwe kuwa ushahidi wa kutosha.

Balozi ziko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kutoka hapa. Miadi ni saa mbili asubuhi, kwa hiyo unasafiri siku moja kabla, unalala kwa mjomba Mbagala kama unaye, unarudi, kisha unakwenda tena kuchukua majibu. Wanaokwenda kambi za kazi za wiki chache huomba viza ya muda mfupi ya Schengen, ambayo ada yake ilipanda kutoka euro 80 hadi 90 mwezi Juni 2024, na ukikataliwa hairudishwi. Kijana anayekataliwa huwa amelipia nafasi ya bure kwa fedha ambazo angefungulia genge.

Na wanakataliwa. Muuguzi mmoja kati yetu alikuwa na barua ya mpokeaji inayosema kila kitu kitagharimiwa, kuanzia ndege hadi bima. Dirishani aliulizwa ana nini cha kumrudisha nyumbani. Alitaja kihamba cha familia, migomba na kahawa ambayo babu yake alizikwa kando yake. Akaombwa hati ya kiwanja. Mheshimiwa, wewe unajua na sisi tunajua kwamba kihamba hakina hati, na kwamba kwa binti mambo ni magumu zaidi, maana kwa mila kihamba humwendea mtoto wa kiume. Kile kinachomfunga Mchagga nyumbani kuliko kitu kingine chochote, kwenye fomu ile hakina mahali pa kuandikwa. Badala yake walitaka salio la benki, kutoka kwa mtu anayejitolea wodini bila mshahara. Alipewa karatasi yenye alama ya tiki kwenye kisanduku kinachosema nia ya kurudi haikuthibitika.

Hatuwezi kuiamuru balozi yoyote, na hatukuombi wewe uiamuru. Tunaomba serikali yetu, inapozungumza na nchi rafiki kuhusu wawekezaji na watalii, iweke na hili mezani: kijana aliye katika mpango unaogharimiwa na fedha za umma za nchi ile apimwe kwa karatasi za mpango wenyewe, kwa kazi anayoifanya hapa na kwa barua ya serikali ya mtaa wake. Salio la benki la mtu asiye na mshahara linajulikana hata kabla ya kuulizwa.

Lugha ni kikwazo kingine, na hiki tunaweza kukiondoa wenyewe tukisaidiwa kidogo. Wapokeaji wengi wa Ujerumani hutaka angalau msingi wa Kijerumani. Goethe-Institut iko Dar es Salaam, na kuishi Dar kwa miezi ya kozi ni gharama kuliko kozi yenyewe. Lakini Moshi ina waongoza watalii wanaozungumza Kijerumani siku nzima mlimani, na ina vijana wa Kijerumani wanaokaa hapa mwaka mzima na kushinda wikiendi bila kazi. Tupewe darasa moja la sekondari ya Manispaa, jioni, lenye taa. Walimu tutawatafuta.

Vijana wenzetu, hapa tunawageukia ninyi kidogo. Tumejizoesha kuamini kwamba nje ni Ulaya. Nje inaanzia mpakani Holili. Kenya Voluntary Development Association imekuwa ikiendesha kambi za kazi tangu 1962, na kufika huko ni nauli ya basi. Umoja wa Afrika una kikosi chake cha vijana wa kujitolea tangu 2010: miaka 18 hadi 35, mwaka mmoja katika nchi nyingine ya Afrika, ndege, posho na matibabu vikigharimiwa. Norway, kupitia shirika lake la serikali linaloitwa Norec, lililoanza mwaka 1963 kwa jina la Fredskorpset, hugharimia mabadilishano ya wafanyakazi vijana kati ya taasisi, hata kati ya nchi mbili za kusini bila kukanyaga Ulaya. Hilo nalo hupitia kwa mwajiri, kwa hiyo tunaziomba hospitali, vyuo na mashirika ya mkoa huu yalitazame. Mwalimu wetu akikaa mwaka mmoja Malawi anaweza kujifunza mambo yanayofaa Pasua kuliko akikaa Munich, ingawa picha zake hazitapendwa na watu wengi kiasi hicho.

Wapo pia wanaoulizia mashamba ya Ulaya yanayotoa chakula na kitanda kwa kazi ya saa chache, mtindo ulioenezwa na WWOOF tangu 1971 huko Uingereza. Ni nafuu kweli, lakini kwa mwenye pasipoti yetu ina mtego. Nchi nyingi huihesabu hiyo kuwa kazi, na aliyeingia kwa viza ya utalii akakutwa zizini anaweza kurudishwa na kuharibu jina lake kwa safari zijazo. Kabla ya kuondoka uliza viza inaruhusu nini, na jibu liwe la maandishi. Asiyeweza kusafiri kabisa anaweza kujitolea akiwa kwao, kwani UNV ina huduma ya kujitolea kwa mtandao, na kuna mashirika ya kibinadamu yanayotafuta watafsiri wa Kiswahili wakati wa maafa na magonjwa. Hapo gharama ni bando, na barua ya utumishi unayoipata ina uzito unapoomba nafasi ya kusafiri baadaye.

Mheshimiwa, tuseme kuhusu fedha. Tunajua Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na asilimia 4 ni ya vijana. Fedha hizo ni za vikundi vya uzalishaji na hatuombi zipindishwe. Tunaomba uanzishwe mfuko mdogo wa kuzunguka, utokane na michango ya mashirika yanayopokea wageni wanaolipa. Kila shirika linalopokea wageni wa aina hiyo litangaze linapokea kiasi gani kwa kila mgeni, na litoe sehemu kidogo kwenye mfuko. Mfuko ukopeshe pasipoti, kiapo na nauli ya Dar kwa kijana aliyekwisha kuchaguliwa, naye arudishe kidogo kidogo kutoka kwenye posho yake. Waliokwenda wanatuambia inawezekana. Wakurugenzi watakaolalamika kwamba hesabu zao ni siri, tutaomba watueleze mbele ya wafadhili wao.

Na aliyerudi asirudi kwenye ukimya. Mwaka wa kulea wazee au kufundisha watoto wenye usonji ni uzoefu wa kazi. Anapoomba ajira ya umma au ya shirika hapa nchini, mwaka huo uhesabiwe, badala ya kuulizwa kwa nini ana pengo kwenye wasifu wake.

Sisi kwa upande wetu tutafanya yafuatayo bila kungoja. Kila atakayekwenda atarudi na kukaa na angalau wenzake wawili mpaka wamalize maombi yao. Kila namba ya tapeli itakayotufikia tutaiwasilisha polisi na kuitangaza. Na kila nafasi tutakayoisikia tutaibandika siku hiyo hiyo, hata kama tunaitaka wenyewe.

Tunaomba majibu ya maandishi ndani ya siku 90. Orodha ya njia zisizo na ada ndiyo rahisi kuliko yote tuliyoomba: inahitaji afisa mmoja, kompyuta moja, karatasi na gundi. Tunakuomba, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, uagize leo, kabla hujaondoka ukumbini, nani ataiandika na itabandikwa lini.